Siku Bibi Alipouliza Habari za Mjusi wa Mwisho

Sifa na shukrani ni za Mungu, aliyeviumba vinavyoonekana na vile alivyovificha ardhini mpaka vizazi vya baadaye vije kuvifukua. Amenilinda tangu tumboni mwa mama yangu hadi uzee huu, ambao magoti hulalamika kanisani lakini bado hukubali kupigwa. Namshukuru hasa kwa kumbukumbu, maana si kila mtu wa rika langu ameachiwa zake. Haya nawaandikia wenzangu tuliokua wakati ule, tuliokwenda shule na jembe mkono mmoja na daftari mkono mwingine, tukaimba mchakamchaka kabla jua halijapata nguvu.

Majuzi mtoto wa kaka yangu alipita nyumbani kwangu hapa mjini Sumbawanga akitokea upande wa Muze. Alikunywa chai, akanipa habari za mvua na za mahindi, kisha akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Halafu Shangazi, lile ilungu la kule juu limeanguka. Mvua za mwaka huu zimelimaliza." Nikamwambia sawa, nikamwongezea chai. Alipoondoka nilikaa pale pale kitini mpaka chai yangu ikapoa, nikiwa nimeshika kikombe kama mtu aliyepewa mtoto wa wageni amshike kidogo.

Ilungu ni tanuru la chuma la wazee wetu wa Ufipa. Ni mnara wa udongo mwekundu, mrefu kuliko mtu aliyembeba mwenzake mabegani, mpana chini na mwembamba juu, wenye matundu yaliyozunguka kitako chake. Nilipozaliwa moto ulikuwa umeshazimika humo siku nyingi. Liliachwa limesimama porini, nyuma ya nyumba ya Bibi, mama yake baba, na mimi nililikuta pale kama nilivyolikuta jua. Hakuna aliyenieleza ni kitu gani, wala sikuuliza.

Kwetu kulikuwa mgongoni mwa mlima, mahali ambapo nyanda za Ufipa hukatika ghafla na kuteremkia bonde la Rukwa. Asubuhi mawingu yalikuwa chini yetu, na mtu akipita mbali ungeona kichwa chake kwanza, miguu baadaye. Harufu ya pale bado naijua. Watu wa kwetu hulima kwa kufukia nyasi. Mvua zinapokaribia kuisha, nyasi hugeuzwa pamoja na udongo wake, zikarundikwa kuwa matuta ya duara, makubwa kama ng'ombe aliyelala, na juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata matuta hupasuliwa na kusambazwa ili upandwe ulezi. Tuta likipasuliwa asubuhi ya baridi hutoa mvuke, na harufu nzito yenye utamu ndani yake, nusu zizi na nusu mkate. Bibi alikuwa akisimama juu ya tuta lililopasuliwa, ameshika jembe, anavuta pumzi na kusema kwa Kifipa kwamba shamba limeamka.

Kuzunguka lile ilungu kulitapakaa mabonge meusi, mazito, yenye vitundu na mng'ao kama kioo. Wakubwa waliyaita mavi ya chuma, na Kiswahili ndivyo kinavyoyaita hadi leo makapi yanayobaki chuma kinapoyeyushwa. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Kifipa nyumbani, na Kiswahili nilikiokota kipande kipande. Niliposikia mavi ya chuma nilielewa jambo moja tu: palikuwa na mnyama aitwaye Chuma, alipita hapa, na siku hiyo alikuwa ameshiba.

Kisha ikaja zamu yetu ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Sitaki kusema mengi juu ya hilo, kwa sababu kila mmoja wenu ana lake. Kijiji kilipimwa chini kwenye tambarare ya upande wa nyanda, kando ya barabara, nyumba kwa nyumba katika mistari iliyonyooka. Palikuwa na shule na bomba la maji, na zahanati ilikuwa imeahidiwa. Baba alituhamisha mapema, akajenga, akapaka udongo. Majirani wetu wa mlimani wakateremka mmoja baada ya mwingine. Aliyebaki juu ni Bibi peke yake.

"Mama, twende," baba alikuwa akimwambia kila alipopanda kumwona.

"Nenda, nani amekushika?"

"Watu wote wameshateremka."

"Nimewaona. Nilikuwa nimesimama hapa, nikawapungia mkono."

"Mama, mwenyekiti amesema kabla ya mvua nyumba zote za juu ziwe zimeezuliwa. Wasipoezua wenyewe, watakuja mgambo."

"Waje. Nitawapikia." Kisha alinigeukia mimi na kunikonyeza, maana kwa desturi ya bibi na mjukuu aliniita mke mwenzake. "Mke mwenzangu, unamsikia huyu? Nimembeba mgongoni mlima huu huu, leo ananifundisha njia ya kuteremka."

Baba hakuwa akicheka. Usiku, nusu usingizini, nilimsikia akimwambia mama, "Afadhali nimuezulie mimi kuliko wageni."

Mwaka huo tulipata mwalimu kijana kutoka Lindi. Tumwite Mwalimu Saidi. Alifika wakati wa baridi kali, mwembamba, amevaa sweta mbili, ya chini ndefu kuliko ya juu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni mwa darasa akipuliza vidole vyake, akasema, "Ninyi watu, huku kwenu nani aliacha mlango wazi?" Tulimpenda hapo hapo. Alikuwa Mwislamu, na wengi wetu hatukuwahi kukaa karibu na Mwislamu. Tulipomwona hali pamoja na walimu wengine mwezi mzima mchana, mama zetu walituma uji shuleni wakidhani anaumwa.

Siku moja tulikuwa tunasoma habari za wanyama wenye magamba. Akataja nyoka, kobe, mamba, mjusi. Kisha akaweka chaki chini, akatutazama kama mtu anayeamua kama awaamini wenzake.

"Kwetu Lindi," akasema, "kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Zamani za Wajerumani, ardhini humo ilifukuliwa mifupa ya mjusi. Mfupa mmoja wa mguu wake ni mrefu kuliko mimi."

Mimi nikanyoosha kidole. "Mwalimu, ni mjusi kafiri?"

Alicheka mpaka akashika ubao. Mjusi kafiri tulimjua sote, yule mweupe wa ukutani, na mimi nilitaka kujua kama na huyu mkubwa hakuwa amebatizwa. "Huyo," akasema akifuta macho, "alikuwepo kabla ya kafiri na kabla ya muumini. Tulia nikuchoree."

Akamchora. Mwili ulijaa ubaoni, na alipofika shingoni ubao ukaisha. Akaendelea na shingo ukutani, juu ya udongo tuliousiriba wenyewe, akapanda juu ya benchi, akachora kichwa karibu na nyasi za paa. Hata leo nikifumba macho nakiona kile kichwa kidogo kinachungulia kati ya fito.

Huyu wa shingo ndefu, alitueleza, miguu yake ya mbele ilikuwa mirefu kuliko ya nyuma, hivyo mgongo wake uliteremka kama wa twiga. Alikula majani ya vilele vya miti, mahali ambapo hakuna mwingine aliyefika, akiyachuma na kuyameza bila kutafuna. Alitembea kwa makundi. Na ingawa alikuwa mkubwa kuliko kanisa, alitoka kwenye yai, na yai lenyewe lisingezidi mpira wa kuchezea. Hapo tulikataa. Tulimwambia Mwalimu anatudanganya. Akaapa.

Akamchora wa pili, mkubwa kama ng'ombe, kichwa kidogo kilichoinamia chini kwenye majani mafupi. Huyu mgongoni alikuwa na vibamba vilivyosimama kama vigae, na kuanzia katikati ya mgongo hadi ncha ya mkia vibamba viligeuka kuwa miiba mirefu kama mikuki. Hakuwa na mbio wala meno ya maana. Silaha yake ilikuwa nyuma: adui akija, anampa mkia. Wavulana walimpenda huyo, na mchezo wa kupigana makalio ukaanza siku hiyo na kuendelea mwaka mzima.

Walikuwepo wadogo pia, kimo cha mbuzi, waliokimbia kwa miguu miwili, wenye mdomo kama wa ndege, wala majani wasio na kosa. Mifupa yao ilikutwa mingi mahali pamoja, imelaliana, kama kundi lililokwenda kutafuta maji na kunasa kwenye matope. Na walikuwepo wala nyama. Nao walisimama kwa miguu miwili, mikono mifupi, meno yamepinda na kuchongwa pembeni kama msumeno. Wengine wazito, wengine wembamba wa mbio. Angani walipita wenye mbawa za ngozi kama popo, ingawa hao, Mwalimu alisema, walikuwa jamaa tu, si ndugu wa damu.

Filibati, mvulana aliyekaa nyuma yangu, mwenye maswali ya kikubwa, akasimama. "Mwalimu, hao wala nyama walikuwa mabepari?"

Wakati ule tulikuwa tunafundishwa kila siku kwamba anayekula jasho la mwenzake ni mnyonyaji, na swali lake lilikuwa la haki. Mwalimu Saidi alifikiri. "Hapana, Filibati. Bepari anakula akiwa ameshiba. Hawa walikuwa na njaa tu."

Mimi nilidhani wote hao waliishi siku moja, kijiji kimoja, mla majani nyumba hii na mla nyama nyumba ile. Baadaye sana nilijifunza kwamba wengine walitengana kwa vizazi visivyohesabika, kwamba aina hii ilikuwa imeshakuwa jiwe wakati ile inaanguliwa. Tena Mwalimu alituchorea mikia inayoburutwa chini, na siku hizi vitabu vya wajukuu wangu vinaonyesha mkia umeinuliwa juu, mnyama anatembea mwepesi. Wananiambia hata baadhi yao walikuwa na manyoya, na kwamba kuku ni wa ukoo wao. Sikatai. Mungu ana siku zake ambazo si siku zangu, na katika imani niliyofunzwa sijaona mahali palipoandikwa kwamba amemaliza kunishangaza.

Lakini siku ile nilikuwa na habari yangu. Nikasimama. "Mwalimu, kwetu upo mguu wake."

"Mguu wa nani?"

"Wa mjusi. Umesimama nyuma ya nyumba ya Bibi. Na mavi yake yapo."

Darasa lilipasuka. "Skola anakaa na mavi!" Filibati akapiga kelele. "Skolastika wa mavi!"

"Kimya!" Mwalimu hakucheka. Alinisogelea. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba kinyesi cha wanyama wa kale nacho hugeuka jiwe, na yeye alilijua hilo. "Mavi ya namna gani, Skola?"

"Meusi, Mwalimu. Mazito. Mavi ya Chuma."

Naye, kwa kuwa Kiswahili changu kilikuwa kimevaa nguo za Kifipa, akasikia mavi kama chuma. Akasema, "Jumamosi utanipeleka."

Kabla kengele haijalia, mtoto mmoja akauliza wako wapi sasa hao mijusi. Mwalimu akafuta ubao polepole, akaacha shingo ukutani. "Walitoweka. Nchi ilibadilika. Palipokuwa na joto pakawa na baridi, majani waliyoyazoea yakaisha. Aliyeweza kubadilika alibaki. Aliyeng'ang'ania alitoweka."

Siku hizi wanasema jiwe kubwa lilitoka mbinguni likaipiga dunia. Mimi sikusikia jiwe. Nilisikia aliyeng'ang'ania, na nikamwona Bibi amekaa mlangoni pake, juu mlimani, peke yake. Kutoweka lilikuwa neno jipya kwangu. Nililifikiria njia nzima ya kwenda nyumbani. Kufa nilikujua, nilikuwa nimekwenda mazishini. Waliokufa tuliwaombea, na makaburi yao yalikuwa pale. Kutoweka nilikuelewa kuwa jambo jingine: asubuhi unapanda mlimani, unakuta mlango, na hakuna hata wa kuombewa. Sikula jioni ile. Mama alinishika paji la uso akasema mtoto ana homa.

Jumamosi ikafika. Sikujua kwamba baba naye alikuwa ameichagua siku hiyo. Tulipoanza kupanda na Mwalimu Saidi, baba alikuwa ametangulia alfajiri na panga na kamba.

Mwalimu alipanda akihema, sweta moja akaivua, akaivaa, akaivua tena. Tulipofika ukingoni, bonde lote likafunguka chini, na mbali kabisa likang'aa ziwa Rukwa, jeupe kama bati jipya. Akasimama. Nilidhani amechoka.

"Maji," akasema.

"Ni ziwa, Mwalimu."

"Najua. Sijayaona maji mengi tangu nilipotoka nyumbani." Nikamshika mkono, jambo ambalo mtoto hamfanyii mwalimu, naye hakuutoa.

Kwa Bibi tulikuta ngazi imeegemezwa ukutani. Baba alikuwa juu ya paa, amekaa, panga mapajani, hajagusa hata unyasi mmoja. Ndani ya nyumba kulikuwa na moshi wa jiko.

"Shikamoo Bibi," nikaita.

Sauti ikatoka ndani. "Marahaba, mke mwenzangu. Mwambie huyo mwanaume aliye juu ya paa langu kwamba aezue haraka. Mvua ikininyeshea nitajua ni yeye."

Baba akageuza uso. Nilimwona akijifuta kwa mkono wa shati.

Niliona nisipoteze wakati. Nikamvuta Mwalimu hadi nyuma ya nyumba. "Mguu ni huu hapa."

Mwalimu Saidi alilitazama ilungu kutoka chini hadi juu. Akaweka kiganja juu ya udongo wake. Akainama akachungulia tundu la kwenye kitako. Akaokota bonge moja jeusi, akalipima uzito, akalinusa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka.

"Nani huyo anachungulia ilungu la watu?" Bibi alikuwa ametoka, amejifunga shuka, mwiko mkononi.

"Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa huyu mtoto. Ameniambia huu ni mguu wa mnyama."

"Mguu?"

"Wa Chuma, Bibi," nikasema. "Na mavi yake haya."

Bibi alinitazama. Kisha akakaa chini, palepale majanini, akacheka kicheko ambacho nimekitafuta kwa watu wengine maisha yangu yote na sijakipata. "Mama yangu! Hilo ni tanuru, mtoto wewe! Babu wa babu yako alikuwa anatia humo mawe na makaa, wanatoa majembe. Chuma si mnyama, ni hili jembe unalolimia!" Akafuta machozi kwa ncha ya shuka. "Miaka yote hii ulikuwa unaogopa mavi ya mnyama?"

"Sikuogopa," nikasema. "Nilikuwa namsubiri arudi."

Kicheko chake kikapungua. Akanivuta, akaniketisha kando yake.

Alimkaribisha Mwalimu pombe ya ulezi, akakataa kwa adabu. Bibi hakumwelewa mwanaume mzima anayekataa pombe baada ya mlima ule, lakini akamletea togwa. Kisha akataka kujua ni mnyama gani huyo aliyemleta mwalimu mlimani na sweta mbili. Mwalimu akamsimulia yote, wa shingo ndefu, wa miiba, wadogo wa mbio, wala nyama. Bibi alisikiliza mdomo wazi, akiuliza kila mmoja alikula nini, na alilalaje, na kama aliyetaga yai alilikalia.

"Na mifupa iko wapi sasa?"

"Ng'ambo, Bibi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wa waliobeba. Walibeba vichwani, kutoka kilimani hadi bandarini, wakaimba njiani. Ikapakiwa melini. Sasa yule wa shingo ndefu amesimamishwa ndani ya jumba kubwa Ujerumani, watu wanakwenda kumtazama."

"Babu yako alijua anabeba nini?"

"Alijua ni mfupa. Alidhani wanakwenda kuuzika vizuri zaidi."

Bibi akatikisa kichwa kwa huruma, kama msiba ule ni wa juzi. "Na wale wenyewe, wazima, wameishia wapi?"

Hili ndilo nililolijia. "Walitoweka, Bibi," nikasema kabla Mwalimu hajafungua mdomo. "Nchi ilibadilika wakang'ang'ania. Bibi, usitoweke."

Baba juu ya paa hakujongea.

Bibi hakunijibu mimi. Alimwuliza Mwalimu. "Wote?"

"Wote, Bibi. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Basi lazima alikuwepo wa mwisho."

"Nafikiri hivyo."

"Mmoja, peke yake, baada ya wenzake." Alikuwa akitazama upande wa majirani, mahali palipokuwa na nyumba na sasa ni miti mitupu iliyochomoza ardhini. "Huyo alipoita asubuhi, nani alimwitikia?"

Nilimtazama Mwalimu Saidi, maana kwangu yeye alijua kila kitu. Alizungusha kibuyu cha togwa mikononi. "Hilo sijui, Bibi," akasema. "Hakuna kitabu kilichoniambia."

"Mimi najua," Bibi akasema. "Tangu mama Getruda alipoteremka, asubuhi nikikohoa hakuna anayeniuliza umeamkaje. Nakohoa mara ya pili, labda hawakusikia." Alisema hivyo bila kulia, kama anavyosema bei ya chumvi. Wala sikuwa nimewahi kumsikia akikiri lolote mbele ya baba.

Akasimama, akakung'uta shuka. Akaingia ndani, akatoka na rozari yake, sufuria, na kikapu cha mbegu za ulezi. Akaufunga mlango, ingawa paa lilikuwa linasubiri kuondolewa. Kisha akainua uso.

"Ezua, mwanangu. Anzia upande wa jikoni, kule nyasi zimeoza."

Baba akaanza kukata kamba.

Mwalimu akataka kumshika Bibi mkono, akasema njia ni mbaya, yeye na baba wanaweza kumfungia machela. Bibi alimtazama kwa macho makali ya mzaha. "Ninyi watu wa Lindi mmezoea kubeba. Beba sufuria. Mimi nina miguu."

Tukateremka, Bibi mbele. Nilisubiri ageuke nyuma. Nilitaka ageuke, ili na mimi nipate ruhusa ya kugeuka. Hakugeuka. Alitembea huku akisali rozari kwa sauti, na sisi tukaitikia, na Mwalimu Saidi, ambaye sala zile hazikuwa zake, alitembea ameinamisha kichwa kwa heshima, sufuria begani.

Kijijini walimpa nyumba ya mwisho kwenye mstari wetu. Bwana shamba alitaka kila mtu apande kwa matuta marefu yaliyonyooka, na nyuma ya nyumba yake Bibi akarundika matuta ya duara, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu. Asubuhi alikohoa, na nyumba tatu zikamwitikia kwa pamoja, "Umeamkaje Mama!" Nilikuwa nimelala kwake usiku huo. Nilimwona akitabasamu gizani, kisha akaziba uso kwa shuka. Kwa muda mrefu niliamini mimi ndiye niliyemwokoa asitoweke. Ukubwani nimeelewa kwamba Mungu alitumia swali la Bibi mwenyewe.

Sitasema kwamba alikuwa na furaha kama ya mlimani. Alizungumza kidogo zaidi. Harufu ile ya shamba kuamka haikupatikana kwenye udongo wa tambarare, ingawa aliinama na kuitafuta kila msimu. Mwalimu Saidi alihamishwa mvua za pili, na shingo yake ukutani ikafifia mpaka tukaisiriba. Nami nilipelekwa shule ya masista, mbali, na huko ndiko habari ilikonikuta kwamba Bibi amepumzika.

Nilipofika alikuwa ameshazikwa. Baba alinikuta kwenye barabara, akanichukulia sanduku. Nilimwuliza ilikuwaje.

"Alikohoa asubuhi," baba akasema, "mama Getruda akamwuliza umeamkaje, hakujibu. Wakaingia. Tulipofika sisi nyumba ilikuwa imejaa, wengine wamesimama nje mpaka barabarani. Walikuwa wanaimba. Alikuwa bado anapumua, Skola, amemshika mtu mkono kila upande. Sikupata pa kupenya mimi mwanawe."

Naushukuru mkono wa Mungu kwa hilo kila ninapopiga magoti. Na bado, wenzangu, niwaambie ukweli: naulilia ule mgongo wa mlima. Naulilia pamoja na upweke wake wote. Nimejifunza kwamba mtu anaweza kushukuru na kutamani kwa pumzi moja, wala Mungu haoni kosa hapo.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akutunze. Asubuhi utakapoita, awepo wa kukuitikia. Na siku utakapokuwa huna nguvu tena ya kuitika, nyumba yako ijae watu hadi nje. Amina.